Mtoto Mwenye Kromosomu Moja Zaidi

Huku Butembo na Beni, pengine mtoto huzaliwa mlegevu, uso wake bapa, macho yameinuka pembeni, na mstari mmoja tu hukata kiganja. Watu huulizana: Nani amemroga? Mama alikosa nini? Maneno hayo huvunja nyumba.

Sikilizeni sababu yake. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu, zinazobeba maagizo ya kuujenga mwili. Kwa kawaida ni 46: 23 za baba na 23 za mama. Mtoto huyu ana 47, kwa kuwa kromosomu za namba 21 ni tatu badala ya mbili. Waganga wa hospitali huko Paris walitangaza jambo hili mwaka 1959. Mara nyingi huanza yai la mama linapofanyika, kabla ya mimba kuingia. Halitokani na uchawi, wala chakula, wala dhambi. Huongezeka mama akipita miaka 35, lakini kijana pia aweza kumzaa mtoto kama huyu.

Dawa ya kuiondoa haipo, msaada upo. Karibu nusu yao wana kasoro ya moyo. Basi mlete mapema, moyo na masikio yapimwe. Akihema sana anaponyonya, au midomo ikigeuka buluu, usingoje. Mnyonyeshe kidogo kidogo kwa saburi. Apate chanjo zote. Atachelewa kutembea na kusema, lakini atajifunza.

Baba, usimfukuze mama. Mama, usimfiche mtoto.