Homa ya Mafua: Namna ya Kuukata Mnyororo wa Maambukizo

Baridi inapowadia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, hasa mwezi wa Juni na Julai, si ajabu kukuta bweni zima likikohoa. Watu wengi husema kwamba baridi ndiyo iliyoleta mafua. Usemi huo una chembe ya ukweli, lakini haukamiliki. Baridi peke yake haizai ugonjwa. Huwakusanya watu katika vyumba vilivyofungwa madirisha, na humo ugonjwa hupata njia rahisi ya kuhama. Isitoshe, katika nchi za joto homa ya mafua huweza kuonekana mwezi wowote wa mwaka.

Kisababishi chake

Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba homa hii huletwa na bakteria. Mwaka 1933, huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji yaliyosukutuliwa kooni mwa mgonjwa, wakayapitisha katika chujio linalozuia bakteria, kisha wakayatia puani mwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Fereti wakaugua. Hivyo ikadhihirika kwamba kisababishi ni kidogo kuliko bakteria, yaani ni virusi. Kipenyo cha kirusi kimoja cha mafua ni takriban nanomita 100. Virusi 10,000 vikipangwa mstari mmoja hutimiza milimita moja tu.

Juu ya kirusi hiki zimo protini mbili muhimu, ambazo wataalamu huziita H na N. Kwa H, kirusi hujishikiza kwenye seli za njia ya hewa. Kwa N, virusi vipya hujibandua na kwenda kushambulia seli nyingine. Kinga ya mwili huzitambua protini hizo na kuzikumbuka. Lakini kila kirusi kinapojinakili hutokea makosa madogo madogo, na protini hizo hubadilika kidogo kidogo, mithili ya mwizi anayebadili mavazi ili mlinzi asimtambue. Ndiyo sababu aliyeugua mwaka jana aweza kuugua tena, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huchagua mara mbili kwa mwaka aina za virusi zitakazowekwa katika chanjo.

Mara chache hutokea kirusi kigeni kabisa kwa kinga za watu wengi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1918, 1957, 1968 na 2009. Ugonjwa wa 1918 uliua mamilioni ya watu duniani. Katika Kenya ulianzia bandari ya Mombasa, ukafuata njia ya reli kuingia bara.

Hesabu ya maambukizo

Kwa kawaida mgonjwa mmoja wa homa ya mafua huambukiza, kwa wastani, kati ya mtu mmoja na wawili. Tuseme katika bweni lenye msongamano kila mgonjwa huambukiza wawili. Mmoja atazaa wawili, wawili wanne, kisha wanane, 16 na 32. Baada ya hatua tano tu, jumla ya waliougua ni 63. Kwa kuwa hatua moja huchukua siku tatu hivi, yote hayo hutimia katika wiki mbili.

Sasa tuseme wastani umeshuka hadi 0.8. Wagonjwa 100 wataambukiza 80, hao wataambukiza 64, na hao 51. Ugonjwa unajifia wenyewe. Hapa pana fundisho kubwa: si lazima kuzuia kila ambukizo. Yatosha kuushusha wastani chini ya moja.

Mambo ya kufanya

Mgonjwa huanza kuambukiza yapata siku moja kabla ya kujisikia vibaya. Kwa hiyo madirisha yafunguliwe kila siku, si siku ya homa tu. Anayekohoa au kupiga chafya ajizibe kwa kitambaa au kwa kiwiko, si kwa kiganja. Mikono inawe kwa sabuni, kwani sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Mgonjwa apumzike mbali na wenzake. Kumlazimisha aje darasani ni kuongeza wagonjwa. Chanjo inapopatikana, wazee, wajawazito, watoto wadogo, wenye magonjwa ya kudumu na wahudumu wa afya wapewe kipaumbele.

Antibiotiki haziui virusi. Kuzimeza bila sababu huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Aspirini nayo wasipewe watoto na vijana wenye homa ya mafua, kwani yaweza kudhuru ini na ubongo. Tena, isidhaniwe kwamba kila homa ni mafua: malaria huanza vivyo hivyo, na kipimo cha damu ndicho kitakachotofautisha. Mgonjwa anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, au ambaye homa yake imerudi baada ya kupungua, apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Kijana mwenye afya aghalabu hupona katika wiki moja. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba homa ya mafua ya kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000, wengi wao wakiwa wazee. Mwanafunzi anayejitenga kwa siku chache huenda asijue kamwe ni bibi wa nani aliyenusurika kwa sababu yake.