Daftari la kliniki linavyosaidia kuzuia Ukimwi

Ukienda kupimwa virusi vya Ukimwi mjini Kitale au Bungoma, utaulizwa umri wako, unakoishi na kama umewahi kupimwa. Huenda ukakasirika ukidhani unapelelezwa. Lakini bila majibu hayo, wahudumu wa afya wangekuwa wakipapasa gizani.

Tangu Ukimwi ugunduliwe nchini Kenya mwaka 1984, swali kubwa limekuwa hili: virusi viko wapi, na nani hajafikiwa? Kuanzia mwaka 1990, damu ya kina mama wajawazito iliyobaki baada ya kupimwa kaswende ilipimwa pia virusi, jina likiwa limeondolewa. Kitale ulikuwa miongoni mwa miji iliyochunguzwa hivyo.

Njia hiyo ilikuwa na upungufu. Wanaume hawaendi kliniki ya wajawazito. Ndipo mwaka 2007 ukafanywa uchunguzi nyumba kwa nyumba kote nchini. Ilibainika kwamba watu 7 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi, na wanne kati ya kila watano kati yao hawakujua!

Miaka hiyo mpango wa AMPATH, ulioanzishwa Eldoret mwaka 2001, ulianza kutuma washauri majumbani, hata sehemu za Webuye katika Bungoma. Badala ya kumngoja mgonjwa, walimfuata. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima 8 hivi kati ya 10 wenye virusi walikuwa wakijua hali yao.

Kusoma hesabu

Tuchukue mfano. Zahanati moja imepima watu 1,000, ikapata 10 wenye virusi. Nyingine imepima 100, ikapata 8. Anayetazama idadi tu atapeleka wahudumu kwa ile ya kwanza. Lakini huko ni mmoja katika kila 100, na kwa ya pili ni wanane. Hiyo ya pili ndiyo inayohitaji msaada haraka.

Tuseme tena kwamba kati ya hao 100, wanaume ni 20 tu. Pengine zahanati hufungwa kabla hawajatoka kibaruani. Basi wafuatwe jioni kwenye vituo vya bodaboda, siku ya soko kule Chwele, au yanapolala malori yaendayo Malaba.

Hata mila hutoa takwimu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Agosti, Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia hutahiri vijana wao. Utafiti uliofanywa Kisumu ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban nusu. Lakini kisu kimoja kikitumiwa kwa vijana wengi kinaweza kueneza virusi. Anayejua msimu na idadi ya vijana atawahi kuzungumza na wazee na ngariba, ili kila kijana awe na kisu chake.

Siri yako

Jina lako linapaswa kubaki kliniki. Ripoti inayopelekwa wizarani huwa na tarakimu tu: wangapi wamepimwa, wa umri gani, wangapi wameanza dawa. Hili si jambo dogo. Siku jina litakapovuja sokoni, watu wataacha kuja na hesabu zitadanganya: kijiji kitaonekana hakina wagonjwa, kumbe wamejificha. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza muuguzi nani ataona majibu yako.

Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya kazi hii, ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla. Fedha zikipungua, hakuna nafasi ya kubahatisha mahali pa kupeleka vipimo vilivyopo.

Wewe msomaji ufanye nini? Nenda ukapimwe, na ujibu maswali kwa ukweli. Ukipatikana na virusi, anza dawa mara moja. Anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane tena katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito anayetibiwa vizuri naye aweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Mficha maradhi, kifo humfichua.