Urithi, Malezi na Ugonjwa wa Sonona

Wahenga walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Walisema pia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Methali ya kwanza yataja urithi, ya pili yataja malezi. Mvutano huo ndio unaowashughulisha wanasayansi wanaochunguza sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi. Watoto wawili wakipatwa na madhila yale yale, kwa nini mmoja augue sonona ukubwani na mwenziwe asimame imara?

Kwamba urithi una sehemu yake, hapana shaka. Pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, hulingana zaidi katika kupatwa na sonona kuliko pacha wasiofanana. Kwa njia hiyo wataalamu hukadiria kuwa zaidi kidogo ya thuluthi moja ya tofauti zilizopo baina ya watu kuhusu ugonjwa huu hutokana na urithi.

Mwaka 2003 ilidhaniwa kuwa jeni yenyewe imepatikana. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti walikuwa wakifuatilia maisha ya watu 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973. Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliwachunguza 847 kati yao walipofikia umri wa miaka 26. Waliitazama jeni inayohusika na serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Jeni hiyo ina namna mbili, fupi na ndefu. Ilionekana kuwa mateso ya utotoni yalileta sonona kwa wale waliorithi namna fupi, na si kwa wale waliorithi namna ndefu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Habari hiyo ilienea upesi. Lakini katika sayansi, tokeo moja halitoshi mpaka lirudiwe na wengine. Mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi 14, uliohusisha watu 14,250, yalijumlishwa pamoja, na athari ya jeni hiyo haikuonekana. Mwaka 2019 jeni 18 zilizosifika kuhusu sonona zilipimwa kwa kutumia habari za mamia ya maelfu ya watu. Hazikuwa na uzito kuliko jeni nyingine zozote. Sasa yaeleweka kuwa jeni zinazohusika ni nyingi sana, na kila moja huchangia kiasi kidogo mno. Hapana jeni moja ya sonona, wala jeni moja ya ustahimilivu.

Hata hivyo, madhara ya mateso ya utotoni hayakukanushwa. Yaliyobaki kuulizwa ni yale yawezayo kuyapunguza. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, hadi wakawa watu wazima. Baadhi yao walianza maisha katika umaskini, ugomvi wa nyumbani na maradhi ya wazazi. Hata hivyo, karibu thuluthi moja ya watoto hao waliokuwa hatarini walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, kujitegemea na kuwajali wengine. Tabia zao za kuzaliwa ziliwasaidia. Lakini pia wengi walikuwa na mtu mzima mmoja angalau aliyewathamini: bibi, shangazi, jirani au mwalimu.

Hapa ndipo elimu hii inapoingia darasani. Mwalimu hawezi kuziona jeni za mwanafunzi wake, na hata angeziona zisingemwambia mtoto yupi ataugua. Aliyeugua naye hakuugua kwa udhaifu wa moyo. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Bali mwalimu aweza kumtambua mwanafunzi aliyeacha kucheza na wenziwe, au anayesinzia kila asubuhi, akamwita kando na kumsikiliza kabla ya kumwadhibu.