Mtoto Akitanguliza Matako, Mama Asilaumiwe

Furaha ya kuzaliwa mtoto ni ya jamaa nzima, na msiba wa uzazi ni wa jamaa nzima pia. Kwa hiyo leo twapenda kusema wazi juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: mtoto ambaye, siku za kuzaliwa zikikaribia, bado amekaa tumboni kichwa juu na matako chini.

Mimba ikiwa ya wiki 28, mtoto mmoja katika kila wanne au watano hukaa hivyo, wala si ajabu, kwani nafasi ya kugeuka bado anayo. Wiki zikisonga, wengi hujigeuza wenyewe, hata mwisho wa mimba hubaki watatu au wanne tu katika kila mia. Mara nyingine sababu hujulikana: mapacha, uvimbe katika mfuko wa uzazi, kondo la nyuma lililojishika chini, au maji ya uzazi kuzidi ama kupungua. Lakini mara nyingi sababu haionekani kabisa.

Twayasema haya kwa makusudi. Miongoni mwa Wanyamwezi, mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu huitwa Kashindye, na wako wengi walichukuao jina hilo kwa heshima hadi leo. Kwingine mtoto kama huyo alihesabiwa mkosi, na mama yake akaulizwa amevunja mwiko gani. Jina ni urithi wetu, na tulitunze. Lawama ni ujinga, na tuitupe. Mama hakukosa neno, wala hakurogwa.

Hata hivyo hatari ipo. Kichwa ndicho kiungo kikubwa na kigumu kuliko vyote vya mtoto. Kikitangulia, hufungua njia, na mwili ukafuata. Matako yakitangulia, mwili waweza kupita kabla njia haijafunguka vya kutosha, na kichwa kikakwama nyuma. Tena chupa ipasukapo, hasa kama miguu imetangulia, kamba ya kitovu yaweza kuchomoka na kubanwa, mtoto akakosa damu. Hapo huhesabiwa dakika, si saa.

Basi silaha ya kwanza ni kujua mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara nane, na wiki ya 36 ni mojawapo. Siku hiyo mkunga hodari hupapasa tumbo: akikuta juu, chini ya mbavu, kitu kigumu cha mviringo kinachocheza mkononi, hushuku kuwa ni kichwa, na altrasaundi huthibitisha. Mama asiyehudhuria siku hiyo huenda akaipata habari hii akiwa tayari katika uchungu.

Ikigunduliwa, ziko njia tatu. Ya kwanza ni kumgeuza mtoto kwa nje. Daktari hufanya kazi hii hospitalini, kwenye wiki ya 36 au 37, chumba cha upasuaji kikiwa tayari na mapigo ya moyo wa mtoto yakiangaliwa, na mara nyingi mama hupewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Hufaulu kwa karibu nusu ya akina mama. Mwenye mapacha, mwenye kutokwa damu, au ambaye kondo limeziba njia, hafanyiwi. Na kusugua tumbo nyumbani kwa mafuta si kazi hiyo, la hasha! Kondo laweza kubanduka, wakapotea wawili.

Ya pili ni upasuaji. Mwaka 2000 utafiti ulioongozwa na Dokta Mary Hannah wa Kanada, juu ya wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ulionyesha kwamba upasuaji uliopangwa huwaokoa watoto wengi zaidi wakati wa kuzaliwa. Hospitali nyingi duniani zikaifuata njia hiyo. Lakini faida ilikuwa ndogo zaidi katika nchi zenye vifo vingi vya watoto wachanga. Tena kovu humfuata mama katika mimba zijazo, nalo laweza kupasuka. Hatuupingi upasuaji, twataka mama aelezwe yote kabla ya kukubali.

Ya tatu ni kuzaa kwa njia ya kawaida, penye mkunga au daktari aliyefundishwa, mtoto asiwe mkubwa mno, na uchungu uwe waendelea vema. Kanuni yake kuu ni kwamba mtoto havutwi. Akivutwa, mikono hupanda juu ya kichwa na kidevu huinuka, naye hukwama. Mkono wenye ujuzi hungoja, na huingia kazini panapohitajiwa tu.

Hapa ndipo penye hofu yetu. Ikiwa kila mtoto wa namna hii apelekwa kwenye kisu, mwanafunzi wa ukunga atajifunzia wapi? Na mama atakayefika zahanati usiku wa manane, matako yakiwa yameonekana, atapokewa na nani? Tangu mwaka 2017 vituo vingi vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, nasi twapongeza. Lakini jengo halipasui. Lataka mtaalamu, dawa ya usingizi, damu na taa isiyozimika. Twawaambia viongozi wetu, wa Chama na wa Serikali, bila kuoneana haya: wakunga wa vijijini wafundishwe ujuzi huu kwa vitendo, tena wakumbushwe mara kwa mara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nanyi wananchi mna wajibu wenu. Mama akiambiwa mtoto ametanguliza matako, akazalie hospitali yenye upasuaji, na asogee karibu nayo mapema. Baba aweke nauli akiba, wala asingojewe kutoa ruhusa. Chupa ikipasuka, safari ianze papo hapo, hata kama uchungu haujaanza. Namba 115 hupigwa bure kuita usafiri wa dharura wa m-mama. Kamba ya kitovu ikionekana, mama apige magoti na kuinamisha kifua, makalio yakiwa juu, mpaka afikishwe. Mtoto akianza kutoka njiani, asivutwe. Na akizaliwa salama, nyonga zake zipimwe, maana watoto hawa huzidi wengine kwa nyonga zilizolegea.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliapa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Mama afaye kwa sababu hakupimwa, au kwa sababu mkunga wake hakufundishwa, ameuawa na wote watatu. Vita hivyo havijaisha.