Moto wa Rika Chini ya Mlima Meru

Tarehe 21 Juni, yapata saa sita na nusu mchana, mtu aliyesimama Mnara wa Saa katikati ya Arusha huona kivuli chake kimelala kuelekea kusini, urefu wake nusu ya kimo chake. Jua limehamia kaskazini, upande wa Mlima Meru, na hapo ndipo mwisho wa safari yake. Baada ya siku hiyo huanza kurudi. Uingereza, maelfu ya watu hukesha penye mawe ya kale ya Stonehenge kuisubiri alfajiri yake. Denmark na Finland huwasha mioto mikubwa kando ya maji katika siku zizo hizo. Arusha, siku hiyo hupita kama jana yake: daladala zinajaa, watu wamejitanda mashuka na makoti, na mlima umezama mawinguni.

Si kwamba watu wa hapa hawakuwahi kuangalia juu. Arusha iko nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta, na huku mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, unauzidi ule mfupi wa Juni kwa dakika 23 hivi tu. London, tofauti hiyo inapita saa nane. Mtu wa huko, baada ya miezi ya giza la saa kumi jioni, ana kila sababu ya kushangilia jua. Mkulima wa Ilboru au Akeri hazihisi dakika 23. Anachokihisi ni mvua: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Novemba na Desemba, na baridi kavu inayokaa katikati.

Baridi hiyo ilikuwa na nyota yake. Kilimia hupotea upande wa machweo mwezi Mei, hufichwa na mwanga wa jua kwa wiki kadhaa, kisha huchomoza tena mashariki kabla ya mapambazuko mwezi Juni. Wakulima na mabaharia wa pwani walikitumia kupima majira. Wamasai nao walikifuatilia: Alfred Claud Hollis, afisa wa Kiingereza aliyechapisha habari zao mwaka 1905, aliandika kwamba kuna mwezi waliouita kwa jina la nyota hizo, na kwamba zilipokosekana angani walijua mvua kubwa imekwisha. Kwa hiyo, katika majuma yaleyale ambayo Ulaya inashangilia jua refu, wafugaji wa huku walikuwa wakitazama mashariki alfajiri, wakingoja kundi dogo la nyota lirudi.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi kila nikifungua ramani. Ukipiga mstari kutoka katikati ya Arusha hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, unapata mwelekeo wa nyuzi 66 hivi kutoka kaskazini. Jua la 21 Juni, kwa mtu aliyeko Arusha, huchomoza karibu katika mwelekeo huohuo. Yaani siku ambayo jua limefika mwisho wake wa kaskazini, Kibo ndiyo inayosimama mbele yake. Waliojenga Stonehenge walikokota mawe ili wapate mstari wa namna hii. Arusha mstari huo uliletwa na volkano. Lakini Juni ni mwezi wa mawingu, na asubuhi nyingi hata Meru iliyo karibu haionekani, sembuse Kibo iliyo umbali wa kilomita 80. Wazee wa hapa hawakuitegemeza ibada yao kwenye jambo ambalo miaka mingi lisingeonekana, na nadhani walifanya vyema.

Afrika Mashariki ina mahali pa mawe ambapo wataalamu wameshindana juu ya anga. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, kwenye nguzo 19 za Namoratunga, watafiti wawili walidai mwaka 1978 kwamba zilipangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana, kikiwemo Kilimia. Wengine waliopima upya walilikataa dai hilo. Na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa unaadhimisha mwaka mpya wa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365: kibanda cha makuti kinachomwa, wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Hiyo ndiyo sherehe ya mwaka wa jua iliyo hai zaidi nchini mwetu. Meru ina njia yake nyingine.

Waarusha walihamia mteremko wa kusini-magharibi wa Meru katika miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro. Wanazungumza Kimasai lakini ni wakulima wa migomba na mahindi, na loshoro yao, mahindi na maziwa mgando, inaonyesha jinsi shamba na zizi vilivyooana. Wameru, wanaokaa upande wa mashariki na lugha yao ni jamaa ya Kichaga, walikuwepo kabla yao. Waarusha waligawanyika pande mbili, Boru na Burka, na majina hayo bado yako mjini leo, Ilboru na Burka. Kitu kilichowafunga wote pamoja, na kuwaunganisha na Wamasai wa Kisongo, ni rika.

Rika ndilo saa kubwa ya watu hawa. Seuri, Makaa, Landisi, Korianga: ukimsikia mzee anasimulia jambo la zamani, mara nyingi hataji mwaka, anataja rika lililokuwa morani wakati huo, na waliomzunguka wanaelewa mara moja. Kila rika hukusanya vijana kwa takriban miaka 15, kisha mlango unafungwa na jingine linafunguliwa. Kulifungua kunahitaji moto. Moto huo haupigwi kwa kiberiti. Wazee wanaupekecha kwa vijiti viwili, kijiti kigumu kikizungushwa juu ya mti laini mpaka moshi utoke na cheche ishike. Wanaoupekecha ni watu wa rika lililo ngazi mbili juu: Makaa kwa Korianga, kwa mfano. Tangu hapo wanakuwa baba wa moto wa vijana hao, wenye haki ya kuwaonya na wajibu wa kuwabariki mpaka mwisho. Ninaposoma habari za mioto ya Ulaya ya mwezi Juni, tofauti naiona hapa. Mioto ile huwashwa kila mwaka na kuzimika usiku uleule. Huu huwashwa mara moja kwa kizazi, na unadaiwa maisha yote.

Siku ya mambo hayo huchaguliwa kwa mwezi. Laiboni, mtaalamu wa ibada, na wazee hutazama mwezi mwandamo na kuhesabu. Siku za mwezi unaokua ni za heri, na zile za giza huepukwa kwa jambo lolote kubwa. Siku hizi kuna kalenda nyingine iliyoingia kati, nayo ni ya shule. Jando limesogezwa kwenye likizo za Juni na Desemba, na ndiyo maana katika majuma hayo abiria wa barabara ya Arusha kwenda Monduli huwaona vijana wamevaa nguo nyeusi, nyuso zimechorwa kwa chokaa nyeupe, wamesimama kando ya njia. Hao wametahiriwa karibuni. Likizo hizo mbili ndimo zinamoangukia ncha mbili za safari ya jua, ya kaskazini na ya kusini. Hakuna aliyelipanga hivyo kwa ajili ya jua, lakini limekuwa.

Juni ina faida yake. Masika yameisha, majani yapo, maziwa yapo, na ng'ombe wamenenepa kiasi cha kulisha wageni. Baridi yenyewe ni sehemu ya jando. Maji yanawekwa nje usiku kucha yakiwa na shoka la chuma ndani yake ili yawe baridi zaidi, na alfajiri, kabla jua halijatoka, kijana aliyenyolewa kichwa anamwagiwa maji hayo, kisha anaketi kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mlango wa zizi. Hatakiwi kupepesa jicho. Baba, wajomba na marafiki wamemkazia macho, na ukoo mzima umebeba heshima yake katika dakika hizo. Nyama huliwa, pombe ya asali hunywewa na wazee, na kijana atakaa miezi akipona na kuwinda ndege wa kupamba taji lake. Baadaye vijana huenda orpul, kambi ya nyama porini, wanakochinja na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome kama ya mti wa olkiloriti. Familia nyingi za mjini sasa humpeleka mtoto zahanati na sherehe hubaki nyumbani. Silioni kuwa tatizo. Wembe safi haukuwahi kuuvunja ukoo.

Mabinti nao walikuwa na tohara yao, na hiyo siitetei. Ukeketaji umeharibu miili ya wasichana wengi, sheria ya 1998 iliuharamisha kwa walio chini ya miaka 18, na wanawake wa Kimasai na Kiarusha wenyewe wamekuwa mstari wa mbele kutafuta namna ya kumvusha binti utu uzima kwa baraka na mafunzo bila kumkata. Mila inayoweza kupokea kalenda ya shule inaweza kuacha na hilo.

Na mahali pa kale pa ibada? Mkoa wa Arusha una magofu ya heshima. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mabaki ya vijiji saba na mashamba ya kumwagilia yenye mifereji na matuta ya mawe, yaliyolimwa tangu karne ya 15 hivi mpaka ya 18. Lakini watu wakitaka kuomba mvua au uzao, wengi hawaendi kwenye magofu. Wamasai wa kaskazini huenda chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu, ambao ulilipuka mara ya mwisho kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Wengine huenda penye oreteti, mtini mkubwa wenye mizizi inayoshuka kutoka matawini. Hapo huchinjwa kondoo wa rangi moja asiye na kasoro; maziwa hunyunyizwa, wazee hutema mate kidogo kama baraka, majani mabichi hushikwa mkononi kwa sababu majani ni amani. Wanawake huja kwa msafara wao, wakiimba njia nzima, na wanaotafuta mtoto hupakwa mafuta. Wengi wao Jumapili wako kanisani. Walutheri wamekuwa Nkoaranga tangu 1902 na Ilboru tangu 1904, na familia nyingi zimejifunza kuishi na kengele na mtini kwa pamoja.

Tatizo ni ardhi. Arusha imetanuka hadi Muriet, Olasiti na Kisongo, na kiwanja kinapopimwa, mti ni mti tu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inaangalia hasa vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863: jengo, kaburi, mchoro wa mwambani. Engaruka ina kinga hiyo. Mtini uliobariki vizazi vitano hauna, kwa kuwa hakuna aliyeujenga. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, lakini mtaa wa jiji si kijiji tena, na malaigwanani, viongozi wa mila, hawaketi mezani pale ramani ya mipango miji inapochorwa.

Ningetaka waketi. Kabla ya kukata viwanja, wapimaji watembee na malaigwanani pamoja na akina mama wanaoongoza misafara hiyo, waweke alama kila oreteti na kila chemchemi inayoombewa, na watenge eneo la kutosha ng'ombe, kondoo na watu mia kadhaa. Na waitenge pia njia ya kufikia hapo, yenye upana wa kupita msafara, kwa sababu tambiko linaanzia nyumbani na sehemu kubwa yake ni kule kutembea mkiimba. Mti uliozungushiwa ukuta wa matofali pande zote, hata ukiachwa umesimama, akina mama hawawezi kuufikia.