Istilahi za Mabomba ya Maji Yaliyopozwa

Miongoni mwa kazi za ufundi zilizoingia Unguja mbele ya istilahi zake ni ulazaji wa mabomba ya kupoza majengo makubwa. Katika hoteli au afisi kubwa, badala ya kila chumba kuwa na mtambo wake, huweza kuwekwa mtambo mmoja wa kupoza maji. Kisha pampu huyasukuma maji hayo hadi vyumbani, ambako feni hupuliza hewa juu ya vijibomba vyake. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba jina likikosewa, hata ukuta huweza kudhurika.

Tuanze na neno bomba. Maji ya kupita bombani yaliletwa mjini kutoka chemchem za kaskazini ya mji katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said (1870–1888). Watu wa Unguja hupaita mahali pa kufungulia maji mfereji, ilhali wengi wa Bara hupaita bomba. Tena wako waitao bomba hata chombo cha kusukumia maji. Kwa kazi yetu hii, inafaa bomba liwe ni njia ya maji tu, na kisukumacho kiitwe pampu.

Shida kubwa zaidi imo katika jina la maji yenyewe. Fundi akiambiwa alaze "bomba la maji baridi", hufahamu maji ya mfereji yasiyotiwa moto. Bomba hilo hulipitisha wazi juu ya ukuta, wala hapana dhara. Lakini maji yatokayo katika mtambo wa kupoza aghalabu huwa na nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Wakati wa kaskazi, hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 75 huanza kutona maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Kwa hiyo bomba la nyuzi 7 likiachwa wazi hutoka jasho usiku na mchana, mfano wa gilasi ya maji ya barafu.

Ndiyo sababu tunapendekeza maji hayo yaitwe maji yaliyopozwa, na jina maji baridi liachiwe maji ya mfereji. Kadhalika yatengwe na maji ya kupozea, yaani yale yanayochukua joto la mtambo na kulipeleka nje katika mnara wa kupozea. Hayo ni ya uvuguvugu, na kwa kawaida bomba lake halitoki jasho. Tofauti ya maneno haya mawili ni ya kinyambuo kidogo tu, lakini bomba la kwanza lazima livishwe, na la pili aghalabu halihitaji.

Maji yaliyopozwa huenda kwa bomba la kupeleka na hurudi kwa bomba la kurejesha, yakiwa yamefika nyuzi 12 hivi. Kila lita moja ipitayo kwa sekunde, ikipanda nyuzi 5, huondoa joto la kilowati 21. Mzunguko huu umefungwa: maji ni yale yale. Hivyo huwekwa kitoa hewa mahali pa juu kabisa, koki ya kumwagia mahali pa chini kabisa, chujio kabla ya pampu, na tangi la kutanukia, kwani maji huongezeka ujazo yapatapo joto.

Bomba la chuma lenye urefu wa mita 30 hunywea kiasi cha milimita 8 lipoapo kutoka nyuzi 30 hadi 7. Basi vishikizo viliache lisogee. Viungo vikishakamilika, bomba hujazwa maji na kujaribiwa kwa kanieneo kubwa kuliko ya kazi, aghalabu mara moja na nusu. Mafundi husema presha, nasi hatuoni ubaya. Kanieneo litumike vitabuni. Lililo muhimu ni kwamba jaribio lifanywe kabla ya bomba kuvishwa, ili kiungo kivujacho kionekane.

Katika kuvisha kuna vitu viwili vinavyohitaji majina mawili. Kihami huzuia joto. Utando wa mvuke huzuia unyevu wa hewa usipenye hadi kwenye bomba. Kihami bila ya utando mzima hulowana ndani kwa ndani, nacho kikishalowana hakihami tena. Penye kishikizo pia pasiachwe wazi: huwekwa kipande kigumu cha mbao au cha kihami baina ya chuma na chuma.

Katika Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba zake nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti. Jasho likidondoka miaka mingi, chokaa hulainika na boriti huoza, pengine nyuma ya dari pasipoonekana. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Hatuitaji kwa kuwa mabomba ndiyo yaliyoiangusha, bali kwa kuwa ilitukumbusha kwamba kuta hizi hazina badala.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba mafundi wazijaribu kazini na kutuletea zilizo bora kuliko hizi, kwani istilahi haithibiti kwa kuandikwa kitabuni, bali huthibiti pale fundi aliye juu ya ngazi anapoitamka, na msaidizi wake aliye chini akamletea kifaa kile kile alichokitaka.