Bei ya shaba juu, dumu la kusafishia grisi nalo lina gharama

Bei ya shaba katika soko la London ilivuka dola 10,000 kwa tani mwezi Mei 2024. Kwa Kapalamsenga, mkoani Katavi, ambako shaba huchimbwa, hiyo ni habari njema. Lakini mwamba hautoki wenyewe. Kompresa, pampu na jenereta zinahitaji karakana, na karakana inahitaji kitu cha kuondolea grisi kwenye vipuri.

Mafundi wengi hutumia petroli au mafuta ya taa. Katika viwanda vya nje kemikali iliyotamba miaka mingi ni trikloroethilini, kwa sababu hukauka upesi na haishiki moto kirahisi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliamua kuwa kemikali hiyo husababisha saratani ya figo. Mwezi Desemba 2024 Marekani ilitoa kanuni ya kuipiga marufuku, ingawa baadhi ya vipengele vilicheleweshwa na kesi mahakamani. Mwenye karakana anayeletewa dumu la bei ya kutupa ana haki ya kuuliza limetoka wapi.

Kuhusu ngozi, hesabu bado haijafungwa. Ugonjwa unaochunguzwa ni mikosisi fungoidesi, saratani adimu ya chembe nyeupe za damu inayojitokeza kwenye ngozi. Jina linadanganya, kwani si fangasi. Huanza na mabaka yanayofanana na ukurutu, na mgonjwa anaweza kupaka dawa miaka kadhaa kabla ya kujulikana.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya tafiti 14 zilizounganishwa kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Pamoja na ukubwa wote huo walipata wagonjwa 324 tu, wakalinganishwa na watu 17,217 wasio na ugonjwa. Kwa wapaka rangi na maseremala, uwezekano wa kuugua ulikuwa karibu mara 4. Wapaka rangi huvuta mvuke wa viyeyushi kila siku, lakini seremala huvuta pia vumbi la mbao. Watafiti walipima kazi ya mtu, si dumu alilotumia, kwa hiyo kiyeyushi hakijatiwa hatiani.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoguswa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na tangu 2022 mwajiri binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Mfuko hulipa ugonjwa uliotokana na kazi, ila lazima ionyeshwe kuwa umetokana na kazi. Fundi anayehama mgodi hadi mgodi, akiugua baada ya miaka 15, ataonyesha nini? Daftari lenye jina la kemikali, tarehe na majina ya waliolishika dumu ni bei ya soda chache.

Maji ya moto na sabuni huondoa grisi pia. Vipuri hukauka polepole na huhitaji kupulizwa kwa hewa ya kompresa, na dizeli ya kuiendesha lazima iingizwe kwenye hesabu.